Ndoto za Mchana Zinapozidi Kiasi



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa tatizo. Tukiliona kwa mtoto tunaliita uvivu, kiburi au utoto. Wengine tunaliita pepo. Mimi mwenyewe niliwahi kuliita uvivu, tena mbele ya mtoto aliyekuwa akiumia. Ndiyo sababu naandika.

Mdogo wangu wa ukoo anaishi upande wa Meru, kule migomba na kahawa zinakopanda kuelekea msituni. Ana binti wa miaka 16. Mama na binti wamenikubalia niandike habari zao, nami nimeficha kijiji na mambo mengine madogo ili wasijulikane.

Siku moja mama huyo alinipigia simu akilia. "Dada, njoo unisaidie. Huyu mtoto sijui ana nini. Nikimtuma maji, anasimama bombani mpaka ndoo inafurika na wenzake wanamcheka. Chakula kinaungua yeye akiwa amekaa palepale jikoni. Mwalimu anasema darasani yupo kwa mwili tu. Sasa amefeli mtihani wa kidato cha pili na anatakiwa kurudia."

Jumamosi nikapanda daladala mpaka Tengeru, kisha nikachukua bodaboda kupanda juu. Nilifika jioni. Nilipozunguka nyuma ya jiko niliona njia nyembamba iliyokanyagwa mpaka ikawa ngumu kama sakafu. Ilizunguka mashina ya migomba na kurudi ilikoanzia. Nikamwuliza bibi wa nyumba ile kama ng'ombe wamehamishiwa huku.

"Hiyo si njia ya ng'ombe," akanijibu. "Ni ya mjukuu wangu."

Kabla giza halijaingia nikamwona. Alikuwa na waya za simu masikioni, akizunguka migomba ileile bila kuchoka. Midomo ilicheza, mkono ulikuwa ukipungapunga, na mara nyingine alitabasamu kana kwamba kuna mtu mbele yake. Mama yake aliniambia hufanya hivyo saa mbili au tatu kila siku, na siku za likizo huzidi hapo.

Basi nikafanya kile ambacho wengi wetu hufanya. Nilimwita nikamkalisha chini. Nikamweleza habari za sisi tuliosoma kwa taa ya chemli na kwenda shule kwa miguu wakati wa baridi ya mwezi wa saba. Nikamwambia uvivu utamwangamiza. Akaniitikia, "Ndiyo, mama mkubwa," na kesho yake jioni alikuwa kwenye njia ileile.

Majirani walikuwa na maneno yao. Mmoja alisema binti ametupiwa jini. Mwingine alisema kwa sauti, na mtoto akasikia, kwamba huyo ni wa kupelekwa Mirembe. Alikuwa ameombewa mara tatu, na kila mara aliulizwa mbele za watu ni nani aliye ndani yake. Baada ya mara ya tatu aliacha kuzunguka mchana, akaanza kuamka usiku.

Usiku ule nililala naye chumba kimoja. Nilipomsikia akinong'ona sikumwuliza ana nini, kwa maana swali hilo lilikuwa limemchosha. Nikamwuliza, "Mwanangu, huko unakokwenda kukoje?"

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akanieleza, na maelezo yakaenda karibu mpaka jogoo wa kwanza. Huko kuna nyumba ya matofali yenye baraza. Yuko kaka mkubwa anayemtetea, ingawa katika nyumba ya kweli yeye ndiye mzaliwa wa kwanza. Yuko baba. Baba yake wa kweli alikwenda Mirerani kuchimba tanzanaiti pamoja na wanaapolo wengine, binti akiwa darasa la tatu. Aliahidi kwamba siku akitoka na jiwe atajenga nyumba. Hakurudi, na wala hakuna aliyekuja kusema amefariki. Nyumbani likakatazwa jina lake. Lakini kule kwenye migomba baba amesharudi. Hadithi ilianza akiwa darasa la nne, na kila siku huendelea pale ilipoishia jana, kama mchezo wa redio.

"Najua si kweli, mama mkubwa," akaniambia. "Najua kabisa. Ila nikianza siwezi kuacha. Na nikiacha natamani kulia."

Jambo hili lina jina

Niliporudi mjini nilitafuta wa kunieleza, nikasoma niliyoweza kusoma. Nikajua kwamba binti yetu si wa kwanza. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Israeli, Eli Somer wa Chuo Kikuu cha Haifa, aliandika habari za wagonjwa wake 6 waliokuwa wakitumia muda mwingi mno katika dunia ya kufikirika, hata masomo, kazi na urafiki vikaharibika. Wengi wao walikuwa wamepitia maumivu makubwa utotoni. Aliyaita mambo hayo kwa Kiingereza jina ambalo kwa lugha yetu ni ndoto za mchana zenye madhara.

Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Jayne Bigelsen na Cynthia Schupak, walichapisha majibu ya watu 90 waliosema kwamba wana tatizo hili. Karibu wanne katika kila watano walisema kwamba wakiota hutembea, huzunguka au huchezesha kitu mkononi. Nilipolisoma hilo nikaikumbuka njia ile nyuma ya jiko. Wengine husema muziki huwafungulia mlango, kwa hiyo waya zile masikioni nazo zilikuwa sehemu ya jambo lenyewe.

Nisikufiche, msomaji, wataalamu hawajakubaliana bado. Hali hii haimo kama ugonjwa wa kujitegemea katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, wala katika orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022. Wapo wanaosema ni dalili ya matatizo mengine, kwa sababu wengi wenye hali hii huwa pia na shida ya kukosa umakini, wasiwasi au huzuni kubwa. Lakini mwenye maumivu ya tumbo hangoji madaktari wapatane juu ya jina ndipo aumwe. Mtoto anaumia leo.

Si kila ndoto ya mchana ni ugonjwa

Tafadhali usiende kumvizia mtoto wako kila akitazama dirishani. Kuota macho wazi ni kazi ya kawaida ya akili. Mwanasaikolojia wa Marekani Jerome Singer, aliyeanza kuchunguza mambo haya kwa makini katika miaka ya 1950 na 1960, alionyesha kwamba ndoto za mchana zinaweza kumsaidia mtu kupanga mambo yake, kubuni vitu na kuvumilia kazi inayochosha. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwauliza watu wazima 2,250 kwa njia ya simu, wakati wowote wa siku, wanafikiri nini saa hiyo. Karibu asilimia 47 ya nyakati walizoulizwa, mawazo yao yalikuwa mbali na kazi iliyokuwa mkononi.

Mama anayepalilia maharage huku akipanga jinsi atakavyolipa ada haumwi. Kijana anayejiona ni rubani haumwi. Tatizo huanza pale mambo haya yanapokutana: ndoto inakula saa nyingi kila siku, mwenyewe amejaribu kuacha akashindwa, na maisha yake ya kweli yanaharibika. Ukiona hayo matatu pamoja kwa muda mrefu, usipuuze.

Si wazimu

Hapa ndipo tunapowaumiza watoto wetu zaidi. Mtu aliyepatwa na wazimu anaweza kuamini kwamba sauti anazozisikia zinatoka kwa watu wa kweli. Mwenye ndoto za mchana zilizozidi anajua kwamba yeye mwenyewe ndiye mtunzi. Ukimwita jina lake huitika. Mgeni akifika anaacha kunong'ona na kuona haya. Yale maneno ya binti, "Najua si kweli," ndiyo yanayotenganisha mambo haya mawili.

Mtoto akikuambia kwamba watu hao wanamwamuru afanye mambo, kwamba wanamfuata, au kwamba haelewi tena lipi ni la kweli, hilo ni jambo jingine na linataka daktari upesi. Vivyo hivyo akizungumza juu ya kujidhuru, au akipotewa na fahamu ghafla na kukodoa macho bila kuitika, maana huenda ni kifafa.

Na tuache kuwatishia watu Mirembe. Ile iliyoko Dodoma ni hospitali, na watu hutibiwa pale wakarudi makwao. Sisi ndio tumeligeuza jina lake kuwa tusi, na kwa tusi hilo mtoto hujifunza kuficha. Akishaficha hatuwezi kumsaidia.

Kuhusu maombi, nasema kwa heshima, kwa kuwa mimi pia huomba. Kumwombea mtoto anayeteseka ni vema. Kumsimamisha mbele ya watu na kumhoji kama mwenye pepo, wakati yeye anajua kwamba anamtamani baba yake, ni kumwongezea aibu juu ya huzuni.

"Mawazo" ya aina mbili

Lugha yetu hutumia neno moja kwa mambo mawili. Tukisema fulani "ana mawazo", mara nyingi tuna maana kwamba shida inazunguka kichwani mwake na usingizi umekimbia. Washona wa Zimbabwe huiita hali hiyo *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi, na mwaka 2013 neno hilo liliingizwa katika mwongozo wa madaktari wa Marekani nilioutaja. Anayewaza hivyo hurudi kwenye shida yake tena na tena. Anayeota mchana huikimbia. Lakini wawili hawa hutoka nyumba moja, na mara nyingi mtu mmoja huwa na yote mawili: asubuhi anawaza, jioni anaota.

Arusha yetu inalijua jambo hili. Mwaka 2009 kilichapishwa kitabu cha Brad Weiss, mwanaanthropolojia wa Marekani, kuhusu vijana wa saluni za vinyozi hapa mjini. Alieleza jinsi walivyojizungushia majina na picha za nchi za mbali, na jinsi walivyozungumza juu ya maumivu ya maisha yao. Ukipita vijiweni Kaloleni au Unga Limited utawaona wadogo zao. Sisemi kwamba wanaumwa. Nasema tu kwamba mahali penye matumaini makubwa na nafasi chache, hasa karibu na machimbo ambako jiwe moja linaweza kumgeuza mtu kuwa tajiri kabla ya jioni, ndoto huota kwa wingi kama magugu wakati wa masika.

Kwa nini ni vigumu kuacha

Ndoto ya namna hii ni tamu, na hapo ndipo ilipo nguvu yake. Inampa mtu faraja mara moja, bila fedha wala ruhusa ya mtu. Akitoka humo anakuta vyombo havijaoshwa, somo limempita na mama amekasirika. Anaona aibu. Aibu inauma, naye anajua mahali pa kwenda kuituliza. Anarudi kwenye njia yake, na saa nyingine mbili zinapotea. Ndiyo maana ukali peke yake hauponyi. Kila tulipomgombeza binti yule tulikuwa tukimsukuma kwenye migomba.

Tufanye nini?

1. *Uliza kwa upole, mkiwa wawili.* Usiulize "Una nini wewe?" Uliza huko anakokwenda kukoje, na nani yuko huko. Usicheke, wala usiende kumsimulia jirani. Katika majibu yake utasikia kile anachokikosa.

2. *Tafuteni kinachofungua mlango.* Ni muziki? Ni saa za jioni akiwa peke yake? Ni baada ya ugomvi nyumbani? Binti yetu aliandika katika daftari kila siku saa aliyoanza, saa aliyoacha na lililotangulia. Kujiandikia hivyo ni msaada kwenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023, Somer na wenzake waliona kwamba watu waliofundishwa kufuatilia ndoto zao na kuirudisha akili kwenye jambo la sasa walipata nafuu.

3. *Punguza badala ya kukata ghafla.* Kumnyang'anya mtoto simu na kumfungia ndani humwongezea upweke. Afadhali saa ile ya hatari ipewe kazi yenye mwenzake: kukata majani ya ng'ombe na mdogo wake, kwaya, mpira wa pete, kumpikia bibi loshoro huku wakizungumza.

4. *Mfundishe kurudi.* Akijiona anaondoka, ataje kimoyomoyo vitu vitano anavyoviona, aguse kitu cha baridi, anawe uso. Ni jambo dogo, ila kwa mazoezi linasaidia.

5. *Zungumza na mwalimu.* Mweleze kwamba si utukutu. Kukaa dawati la mbele na kuulizwa maswali mafupi mara kwa mara kunaweza kumsaidia kubaki darasani.

6. *Mwone mtaalamu.* Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe kuelekezwa kwenye huduma za afya ya akili katika hospitali ya mkoa, au KCMC kule Moshi. Hakuna dawa iliyothibitishwa kwa hali hii yenyewe, lakini huzuni, wasiwasi na shida ya umakini zinazofuatana nayo zina matibabu. Na kama mtoto anakimbilia ndoto kwa sababu kuna mtu anayemdhuru, kazi ya kwanza ni kumwondoa katika madhara hayo.

Wala tusidharau nguvu ya mtu mzima anayesikiliza. Huko Zimbabwe daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa kawaida kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye *kufungisisa*. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wengi walipata nafuu, na mpango huo umefika hata Zanzibar. Bibi hao hawakuwa madaktari, ila walikuwa wamefundishwa kusikiliza kwa utaratibu na kumsaidia mtu atafute mwenyewe njia ya kutoka.

Mawe ya mdogo wangu

Nimalizie habari yetu. Kwa ruhusa ya binti, nilimwambia mama yake ni nani aliyeko kwenye migomba. Nilidhani atakasirika. Alikaa kwenye kigoda akatazama nje, pale penye rundo la mawe ya msingi ambayo mumewe aliyanunua kwa fedha ya kwanza ya Mirerani. Majani yalikuwa yameyafunika. Mara nyingi watu walitaka kuyanunua, naye alikataa.

"Na mimi, dada," akasema, "kila nikilala najenga nyumba ile. Naanza na msingi. Sijawahi kufika kwenye bati, usingizi unanichukua."

Jioni ile, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, jina la baba lilitajwa katika nyumba ile. Bibi alisimulia alivyokuwa mtoto mkorofi. Binti aliuliza maswali, na mengine hayakuwa na majibu. Walilia, nami nikalia nao. Hakuna aliyesema atarudi, na hakuna aliyesema hatarudi, kwa maana hakuna ajuaye.

Sitawadanganya kwamba yote yamekwisha siku moja. Binti alirudia kidato cha pili akapita, si kwa alama za kujivunia. Alienda kliniki, anaendelea na daftari lake, na kuna wiki mbaya. Mwezi uliopita aliniambia kwamba bado huenda kule, lakini sasa anaweza kurudi akiitwa. Mawe yale yamejenga jiko jipya. Nilipozunguka nyuma yake nikaona njia ingalipo, ila majani yameanza kuota pembeni.

Mama mwenzangu, kama nyumbani mwako yuko mtoto ambaye ndoo yake inafurika bombani, kabla hujapandisha sauti, jiulize: huko anakokwenda anapewa nini ambacho hapa hakipati? Kisha nenda ukae naye.

Hadi mwezi ujao, kaeni salama.